Claudia Cardinale: Sura iliyovuma kabla ya sauti kusikika

CLAUDIA Cardinale, mmoja wa waigizaji mashuhuri kabisa waliopata kutokea katika sinema ya Italia, hakuzaliwa Italia wala hakukua akizungumza Kiitaliano. Alizaliwa barani Afrika, mjini La Goulette, penye bandari ya Tunis, mnamo Aprili 15, 1938, Tunisia ilipokuwa chini ya utawala wa Ufaransa. Alifariki Septemba 23, 2025, mjini Nemours, Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 87.

Wazazi wake walikuwa wa kizazi cha wahamiaji kutoka kisiwa cha Sicily. Nyumbani alisikia lahaja ya kisiwa hicho, shuleni akasomeshwa kwa Kifaransa, na mtaani akakipata Kiarabu cha Tunisia. La Goulette ya siku hizo ilikuwa maskani ya Waislamu, Wayahudi na Wakristo walioishi kwa ujirani. Kiitaliano sanifu alikuja kujifunza ukubwani, kazi ilipomlazimu.

Nia yake ilikuwa kuwa mwalimu. Hata hivyo, mnamo 1957 alitawazwa Mwitaliano mrembo zaidi nchini Tunisia, na zawadi yake ikawa safari ya kuhudhuria Tamasha la Filamu la Venice. Huko watayarishaji wa filamu walimwona wakamtamani. Alijiunga na chuo cha filamu cha Centro Sperimentale di Cinematografia jijini Roma, lakini lugha ikamtatiza na hakudumu. Mwaka 1958 alionekana katika ‘Goha’, filamu iliyopigwa nchini Tunisia, ambamo mhusika mkuu aliigizwa na Omar Sharif wa Misri.

Siri na mkataba

Nyuma ya ufanisi huo palikuwa na msiba. Akiwa bado msichana, Cardinale alibakwa akapata mimba. Katika hali hiyo ndipo alipotia saini mkataba na Franco Cristaldi, mtayarishaji aliyemiliki kampuni ya Vides. Mtoto wake wa kiume alizaliwa London mnamo Oktoba 1958, na kwa miaka kadhaa umma uliambiwa kwamba huyo ni mdogo wake. Mama huyo alilazimika kumficha mwanawe hadi alipoamua mwenyewe kuuanika ukweli mbele ya wanahabari.

Mkataba wenyewe ulimfanya mwajiriwa. Alilipwa mshahara wa mwezi, huku filamu za kucheza na namna ya kuonekana hadharani zikiamuliwa na mwajiri. Kwa hiyo, wakati mashabiki wakimwona malkia wa sinema, yeye hakuwa na kauli juu ya maisha yake.

Hakuwa na kauli hata katika filamu. Wakati huo ilikuwa desturi ya sinema ya Italia kutia sauti baada ya picha kupigwa, na mara nyingi anayesikika hakuwa yule anayeonekana. Sauti ya Cardinale ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, na Kiitaliano chake kilikuwa na lafudhi ya Kifaransa. Kwa sababu hiyo, katika ‘I soliti ignoti’ ya 1958 na hata ‘La ragazza con la valigia’ ya 1961, iliyomtukuza kama mwigizaji wa tamthilia nzito, watazamaji walimsikia mtu mwingine.

Mwaka wa neema

Mambo yalibadilika mnamo 1963, mwaka zilipotoka kazi mbili kuu za sinema ya dunia, naye akiwamo katika zote mbili. Luchino Visconti alimtaka awe na nywele nyeusi kwa ajili ya ‘Il Gattopardo’, na Federico Fellini akamtaka awe na nywele za rangi nyepesi katika ‘8½’. Filamu hizo zikipigwa kwa wakati mmoja, ikambidi abadilishe rangi ya nywele kila alipotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Katika ‘Il Gattopardo’, iliyotwaa tuzo kuu ya Cannes, aliigiza pamoja na Burt Lancaster na Alain Delon, na bado sauti haikuwa yake. Fellini ndiye aliyeamua kwamba mikwaruzo ile haikuwa kasoro. Kupitia ‘8½’, Waitaliano walimsikia Cardinale akisema kwa kinywa chake mwenyewe.

Hollywood ilimwita, naye akaigiza katika ‘The Pink Panther’ na ‘The Professionals’, lakini hakukubali kufungwa na mkataba wa muda mrefu huko. Mwaka 1968 Sergio Leone alimpa nafasi ya Jill McBain katika ‘C’era una volta il West’. Katikati ya wanaume wenye bastola, Jill ni mjane anayerithi shamba la jangwani lenye kisima, na ndiye anayebaki kuujenga mji.

Kujitawala

Katikati ya miaka ya sabini aliachana na Cristaldi, akaishi na mwelekezaji Pasquale Squitieri, aliyezaa naye binti. Uamuzi huo ulimgharimu, kwani milango mingi ya sinema nchini Italia ilifungwa. Hakukata tamaa. Mnamo 1982 alionekana katika ‘Fitzcarraldo’ ya Mjerumani Werner Herzog, na miaka miwili baadaye akasifiwa kwa ‘Claretta’, inayomhusu kimada wa dikteta Mussolini.

Venice, mji ulioanzisha safari yake, ulimtunuku Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake mnamo 1993, na Berlin ikamtuza Dubu wa Dhahabu wa heshima mnamo 2002. Tangu mwaka 2000 alikuwa balozi mwema wa UNESCO wa kutetea haki za wanawake, jukumu lililomfaa mtu aliyeonja dhuluma hizo mwenyewe.

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Cardinale hakuiacha yake. Mnamo 1996 alionekana katika ‘Un été à La Goulette’, filamu ya Mtunisia Férid Boughedir kuhusu mji aliozaliwa. Mji huo nao haukumsahau: mnamo 2022, akiwa hai, mtaa mmoja wa La Goulette ulipewa jina lake.