Mwanga wa mchana ndani ya nyumba (Ufipa)

Kuingiza mwanga wa mchana ndani ya nyumba ni kazi ya kulipanga dirisha pamoja na pazia, luva au mbao zake, ili nuru ifike ukuta wa nyuma bila kumuumiza macho aliyekaa karibu na dirisha. Kwa kawaida nuru ya kusomea huishia umbali wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha kutoka sakafuni. Lenta, yaani boriti ya juu ya dirisha, ikiwa kwenye mita 2.1, chumba chenye kina cha mita 6 kitakuwa na giza nyuma. Majumba ya kale ya mwambao hayakupata tabu hiyo, kwani urefu wa boriti za mikoko ulilazimisha vyumba viwe vyembamba.

Sehemu ya juu ya dirisha ndiyo inayopeleka nuru mbali, nayo ndiyo ambayo pazia huifunika bila sababu. Dawa yake ni rafu ya mwanga, yaani ubao mweupe uliolazwa juu kidogo ya kichwa cha mtu na kuligawa dirisha. Chini, pazia hufungwa apendavyo mwenye nyumba. Juu hubaki wazi, jua hugonga ubao, hurukia darini na kusambaa. Dari isipokuwa nyeupe, rafu ni mapambo tu. Mwishoni mwa karne ya 19, kampuni ya Luxfer ya Chicago iliuza vigae vya kioo vyenye mbavu za kupinda nuru hivyo hivyo. Msanifu majengo Frank Lloyd Wright alivibunia nakshi.

Sumbawanga na Wampembe, huko Ufipa kusini-magharibi mwa Tanzania, ziko takriban nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Tangu Machi hadi katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hukaa kaskazini, kwa hiyo rafu ya upande huo hufanya kazi kiangazi chote. Uwandani Sumbawanga, penye kimo cha mita 1,800 hivi, Juni na Julai kuna baridi kali: dirisha la mbao likifungwa, nuru nayo hubaki nje. Kipande cha kioo kisichofunguka juu ya mbao hizo humaliza ugomvi kwa gharama ndogo.

Wampembe ni habari nyingine. Ziwa Tanganyika liko magharibi, na jua la alasiri huingia chini ya rafu yoyote, likiongezewa mng'ao wa maji. Huko zinafaa mbao za kusimama wima, au mwembe mbele ya dirisha.