Vifo vya Zamani, Hesabu ya Leo

Mara nyingi nasikia watu wakibishana kuhusu nchi ipi yenye ukatili zaidi, Uingereza au Marekani. Kila mmoja huja na tarakimu zake, na wapo wanaoapa kuwa Uingereza imeizidi Marekani.

Leo natazama tarakimu hizo zilivyoandikwa. Marekani, katika jinai za kutumia nguvu, FBI huhesabu kuua, kubaka, unyang'anyi na shambulio kubwa. Lakini polisi wa England na Wales, tangu Aprili 1998, huhesabu hata shambulio la kawaida, yaani kofi lisiloacha alama. Basi hapo mtu analinganisha nini na nini?

Wajuzi husema afadhali tulinganishe mauaji, kwa kuwa maiti haifichiki. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipoona hesabu ya England na Wales ya mwaka ulioishia Machi 2003. Mauaji yalipita 1,000! Zaidi ya 170 kati ya hayo yalikuwa ya mtu mmoja, daktari Harold Shipman, aliyekuwa akiwadunga wagonjwa wake sindano za diamofini kwa kipimo cha kuua. Mwaka huo yeye alikuwa tayari gerezani. Wagonjwa walikufa kati ya 1975 na 1998, na vyeti vingi vya vifo alivitia sahihi mwenyewe. Jaji Janet Smith alitoa taarifa ya uchunguzi wake Julai 2002, na polisi wa kule huandika mauaji katika mwaka wanaoyatambua, si mwaka aliokufa mtu.

La Hillsborough ndilo linaloniuma zaidi. Aprili 15, 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa hadi kufa katika uwanja huo mjini Sheffield. Mwaka 1991 uchunguzi wa vifo ukaamua kuwa ni ajali. Wazazi na ndugu walikataa, wakahangaika mpaka Aprili 2016, ambapo baraza jipya la wazee lilitamka kwamba watu 96 waliuawa isivyo halali. Ndipo wote 96 wakaingizwa katika hesabu ya mauaji ya mwaka ulioishia Machi 2017, miaka 27 baada ya mkasa huo.

Mwaka 2021 akafa wa 97, kwa majeraha aliyoyapata siku ile uwanjani.