Wasifu wa kazi Guangzhou: uzito wa mstari mmoja

Mji wa Guangzhou, makao makuu ya mkoa wa Guangdong kusini mwa China, ni kituo cha siku nyingi cha Waafrika Mashariki wanaofuata bidhaa, elimu na ajira. Wafanyabiashara wa Kariakoo, Kamukunji na Kikuubo huufahamu kwa mtaa wa Xiaobei, ulioko wilaya ya Yuexiu. Wanafunzi huufahamu kwa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, Chuo Kikuu cha Jinan na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Kusini mwa China.

Mhitimu wa vyuo hivyo mara nyingi huwa amejifunza mambo mawili kwa pamoja: fani yake ya darasani, na Kichina cha sokoni na kiwandani. Juu ya hayo ana Kiswahili na Kiingereza. Hata hivyo, anapoomba kazi, karatasi anayoitanguliza humwonyesha kama mtu ambaye hajawahi kufanya lolote. Karatasi hiyo ni wasifu wa kazi, ambao wengi huuita sivii, na ambao Wachina huuita jianli.

Chini ya kila kazi iliyotajwa katika wasifu huwekwa mistari michache mifupi yenye nukta mbele yake. Mistari hiyo ndiyo moyo wa waraka wote. Mjini Guangzhou huwa na wasomaji wawili: kwanza mwajiri, na baadaye, mwajiri akiridhika, ofisi ya serikali inayotoa vibali vya kazi kwa wageni, ambayo hulinganisha historia ya mwombaji na hati zake. Mstari unaompendeza msomaji wa kwanza unaweza kumwangusha mwombaji mbele ya msomaji wa pili.

Majukumu na matendo

Udhaifu ulioenea zaidi ni kuorodhesha majukumu badala ya matendo. "Mkalimani wa wafanyabiashara." "Kuwajibika kwa mawasiliano na wateja." "Kufanya kazi nyingine nilizopangiwa." Mstari huo wa mwisho umetoka moja kwa moja katika matangazo ya ajira serikalini, ambayo hufunga orodha ya majukumu kwa maneno ya namna hiyo. Katika tangazo unamlinda mwajiri. Katika wasifu haumsaidii mtu yeyote.

Mstari wenye nguvu hujibu maswali manne: mwombaji alitenda nini, kwa kitu gani, kwa kiasi gani, na kukatokea nini. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mwombaji aliwahi kukagua bidhaa katika mji jirani wa Foshan, unaosifika kwa vigae na samani. Mstari wake wa kwanza unasema: "Kukagua mizigo kiwandani." Akiuandika upya unaweza kusomeka hivi: "Nilikagua shehena za vigae kabla ya kupakiwa, wastani wa makontena 6 ya futi 20 kwa mwezi, kuanzia Machi 2018 hadi Februari 2020, nilibadili namna ya kupanga na kukaza makasha, na madai ya wateja kuhusu vigae vilivyovunjika yakapungua kutoka 5 hadi 1 katika kila makontena 30."

Futi 20 hazikutajwa kwa bahati. Vigae ni mzigo mzito, na kontena hufikia ukomo wake wa uzito kabla ya kujaa. Mwombaji anayejisifu kuwa alisafirisha vigae kwa makontena ya futi 40 yaliyojaa hadi juu atatiliwa shaka na mtu yeyote aliyewahi kusimama bandarini Nansha au Huangpu. Maelezo madogo ya kweli humtambulisha mjuzi wa kazi haraka kuliko sifa kumi kama vile "mchapakazi" na "mbunifu".

Mfano mwingine unahusu hati. Kenya, kupitia shirika lake la viwango KEBS, ilianzisha mwaka 2005 utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijasafirishwa, na Tanzania kupitia TBS ikafuata mwaka 2012. Kijana aliyewahi kuhangaikia vyeti hivyo huandika tu kwamba "alishughulikia nyaraka". Angeweza kuandika kwamba alitayarisha maombi ya vyeti vya ukaguzi kwa shehena 22 za vifaa vya umeme ziendazo Mombasa, na kwamba hakuna hata moja iliyozuiliwa kwa kukosa cheti. Msafirishaji wa Guangzhou ambaye mzigo wake umewahi kukwama forodhani ataelewa mara moja thamani ya maneno hayo.

Bila shaka si kila kazi ina hesabu. Mwalimu, muuguzi au mhudumu wa mapokezi anaweza kueleza ni mara ngapi, kwa watu gani, kwa lugha zipi, na ni kitu gani alichokiacha kikaendelea kutumika baada yake. Pale penye hesabu, haifai kuikisia. Wengi wa waliofanya biashara Guangzhou wana kumbukumbu zao zote mfukoni, kwani maagizo, picha za bidhaa na malipo hupitia WeChat. Saa mbili za kupitia mazungumzo ya zamani, ankara na orodha za upakiaji zinatosha kupata tarakimu ambazo mtu anaweza kuzitetea akiulizwa. Bei za mteja na jina la kiwanda chake cha siri vibaki humo humo.

"Tulifanya": nani hasa?

Adabu ya Kiswahili humtaka mtu asijitangulize. Mwombaji huandika "tulifanikisha", "tulishiriki", "tulihusika", hata pale alipofanya kazi peke yake hadi usiku wa manane. Tabia hiyo ni njema nyumbani, lakini katika wasifu humwacha msomaji akijiuliza kazi ilikuwa ya nani.

Kichina kina maneno matatu yanayotenganisha jambo hilo waziwazi. Fuze ni kuwa na dhamana ya kazi. Canyu ni kushiriki. Xiezhu ni kumsaidia mwenye dhamana. Mtafuta kazi anayeandika canyu kila mahali atahesabiwa kuwa hajawahi kukabidhiwa lolote, na anayeandika fuze kila mahali ataulizwa maswali ambayo hatayaweza. Hapa pia kuna tofauti na Kiingereza. Washauri wa ajira wanaotumia Kiingereza huonya kila siku dhidi ya kuanza mstari kwa maneno ya kuwajibika, wakiyaona yamepoa. Katika wasifu wa Kichina, fuze ni neno la kawaida na lenye uzito, mradi lifuatwe na kiasi na matokeo. Kwa hiyo wasifu wa Kiingereza ukitafsiriwa neno kwa neno hautoi wasifu mzuri wa Kichina.

Tarakimu nazo zina mtego wake. Kichina huhesabu kwa makumi elfu, na neno wan lina maana ya elfu kumi. Kiasi cha 250,000 ni wan 25, na milioni moja ni wan 100. Mwombaji anayekosea hapo hujikuta amejiongezea au amejipunguzia sifuri, na msomaji hawezi kujua kama ni kosa la lugha au ni uongo. Aidha, kiasi cha fedha kiandikwe kwa yuan au dola. Shilingi milioni 40 hazimwambii kitu ofisa wa Guangzhou, na hata Waafrika Mashariki wenyewe watauliza: za Kenya, za Tanzania au za Uganda?

Msomaji wa pili

Kwa mujibu wa utaratibu uliotandazwa nchini China kote mwaka 2017, wageni wanaoomba kibali cha kazi hugawanywa katika makundi matatu, A, B na C. Mhitimu wa kawaida huangukia kundi B. Njia iliyozoeleka ya kuingia humo ni kuwa na shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka miwili katika kazi inayohusiana na ile anayoiomba. Upo pia mfumo wa alama, ambapo alama 60 zinahitajika kwa kundi B na 85 kwa kundi A. Humo huhesabiwa mshahara, elimu, umri, miaka ya uzoefu na hata daraja la mtihani wa Kichina wa HSK. Mwaka huo huo wa 2017 ilifunguliwa njia kwa wenye shahada ya uzamili au zaidi kutoka vyuo vya China kuomba bila miaka miwili ya uzoefu, ilimradi hawajapitisha mwaka mmoja tangu wahitimu.

Maana yake ni kwamba tarehe zilizo katika wasifu hazipo kwa ajili ya mapambo. Kila kipindi cha kazi kinachotegemewa katika maombi hudai barua ya uthibitisho kutoka kwa mwajiri wa zamani, yenye cheo, muda na saini. Barua ikisema Juni 2019 na wasifu ukisema Januari 2019, swali litaulizwa. Ni busara kuandika mwaka na mwezi, mwaka ukitangulia kama Wachina wanavyoandika, kwani 03/07/2019 kwa mmoja ni Julai na kwa mwingine ni Machi.

Lipo jambo zito zaidi. Kanuni za China zilizoanza kutumika Septemba 2013 zinamtaka mwanafunzi wa kigeni anayetaka kufanya kazi ya muda au mafunzo ya kazi nje ya chuo apate kwanza idhini ya chuo, kisha aombe idara ya uhamiaji iandike jambo hilo katika kibali chake cha ukaazi. Sheria ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 1, 2013, inamtoza faini ya yuan 5,000 hadi 20,000 mgeni anayefanya kazi kinyume cha sheria, na penye uzito zaidi huongezwa kizuizini cha siku 5 hadi 15. Mwajiri hutozwa yuan 10,000 kwa kila mtu, zisizozidi 100,000.

Mwanafunzi aliyekuwa akiwapeleka wanunuzi madukani kila Jumamosi pasipo idhini, kisha akaandika "Mwakilishi wa kampuni, Guangzhou, 2017 hadi 2019", amejiandikia ungamo na kulisaini. Miaka hiyo haitahesabiwa kuwa uzoefu, na inaweza kumletea madhara yeye pamoja na aliyemtumia. Kubuni kibali ambacho hakikuwepo, au kuihamisha kazi hiyo hadi Nairobi kwenye karatasi, ni kughushi. Anachoweza kukionyesha pasipo hofu ni ujuzi wenyewe: Kichina chake na daraja la HSK, utafiti wa shahada, mafunzo ya kazi yaliyoidhinishwa, na kazi alizofanya kwao kabla ya kuondoka au wakati wa likizo. Kwa wale ambao bado wanasoma, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo ndiyo mahali pa kuanzia, na ni afadhali waende mapema.

Tarehe zinazosema zenyewe

Maonyesho ya biashara ya Canton, yanayofanyika Guangzhou kila majira ya kuchipua na ya kupukutika tangu mwaka 1957, hutajwa katika wasifu nyingi, kwani huhitaji wakalimani wengi kwa siku chache. Kuyataja mara sita kwa mistari sita ni kupoteza nafasi. Mstari mmoja unaojumuisha misimu yote, idadi ya wanunuzi na aina ya bidhaa unatosha. Ila miaka ihakikiwe. Mwaka 2020 maonyesho hayo yalifanyika kwa njia ya mtandao peke yake, na yalirudi kwa ukamilifu katika kumbi za Pazhou Aprili 2023. Anayedai kuwa aliwapokea wanunuzi ukumbini msimu wa vuli wa 2020 amejifichua mwenyewe.

Pengo la miaka hiyo halihitaji kufichwa. China iliwafungia mipaka wageni walio wengi Machi 28, 2020, na masharti ya karantini kwa wasafiri yaliondolewa Januari 8, 2023. Wanafunzi wengi waliokuwa likizoni walibaki makwao wakisoma kwa mtandao. Mstari mmoja unaotaja masomo hayo, mji alimokuwa mwanafunzi na miezi husika hueleweka na kila ofisa wa ajira mjini humo.

Kazi inayotazama nyumbani

Wapo wanaotafuta Guangzhou kazi ambayo kituo chake kitakuwa Afrika. Sunda ya Guangzhou na Keda ya Foshan ndizo zilizo nyuma ya viwanda vya vigae vya Twyford huko Kajiado nchini Kenya na Chalinze nchini Tanzania. Transsion ya Shenzhen ndiyo yenye simu za Tecno, Infinix na itel. Kampuni za namna hiyo huhitaji watu wanaoelewa pande zote mbili, na hapo mistari inayohusu soko la nyumbani hupanda bei: mwombaji aliyeuza simu Kampala kabla ya kwenda kusoma asiifute kazi hiyo kwa kuiona duni. Aandike ni simu ngapi kwa wiki, aina zipi zilirudishwa na wateja, na kwa sababu gani.

Wasifu wa Kichina kwa kawaida huwa na picha na tarehe ya kuzaliwa, na ukurasa mmoja huutosha mhitimu mpya. Unaopelekwa Dar es Salaam au Nairobi hutarajiwa kuwa na majina ya wadhamini, aghalabu watatu. Mdhamini aliyeko China aandikwe pamoja na namba ya simu inayoanza na 86 na lugha anayoizungumza, maana mwajiri akimpigia meneja wa kiwanda asiyejua neno la Kiingereza, mazungumzo huishia kwenye salamu.