Jinsi kulima kunavyojenga au kubomoa muundo wa udongo

MTAA wa Baba Dogo, katika eneo la Ruaraka jijini Nairobi, unafahamika zaidi kwa viwanda kuliko kwa mazao. Hata hivyo, katika mitaa ya Eastlands si ajabu kuona sukuma wiki, mahindi au nduma zikistawi nyuma ya nyumba au kando ya mto. Mavuno ya kijishamba kama hicho hutegemea sana jinsi udongo unavyolimwa, na hasa wakati unapolimwa.

Muundo wa udongo ni namna chembe zake zinavyoshikana na kuwa mabonge madogo. Kati ya mabonge hayo mna matundu yanayopitisha hewa, maji na mizizi. Kinachoyaunganisha ni mboji, mizizi myembamba na nyuzi za kuvu.

Kulima hulegeza udongo na kuongeza matundu, lakini kwa muda tu. Kila unapopinduliwa, hewa nyingi huingia, vijidudu huila mboji kwa kasi na mabonge hupoteza gundi yake. Matone ya mvua huyasambaratisha, kisha jua hukausha utando mgumu unaozuia maji kupenya na miche kuchomoza. Nalo jembe linalofikia kina kilekile kila msimu huacha tabaka gumu chini, ambalo mizizi hushindwa kulipenya.

Sehemu kubwa ya nyanda za mashariki mwa Nairobi ina udongo mweusi wa mfinyanzi, tofauti na ule mwekundu wa Kabete na Kikuyu. Udongo huu mweusi hufura ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Ukilimwa ungali umelowa hufinyangika, matundu yake huzibika, na ukikauka mabonge huwa magumu kama matofali. Ukiwa mkavu kabisa, jembe hudunda. Muda wa kuulima ni mfupi.

Kipimo ni rahisi. Chukua udongo kutoka kina cha jembe, uuviringishe viganjani. Ukirefuka kama uzi bila kukatika, subiri, ukimeguka, lima.

Mnamo Oktoba 2005, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa kongamano la tatu la dunia kuhusu kilimo hifadhi. Kilimo hicho kina nguzo tatu: kuusumbua udongo kwa uchache, kuufunika kwa matandazo na kubadilisha mazao, yakiwemo ya jamii ya kunde. Si dawa ya kila shamba. Kwenye mfinyanzi mzito maji yanaweza kutuama, hivyo matuta ya kupandia huhitajika. Magugu nayo huongezeka miaka ya mwanzo, na mabua ya kutandaza hugombaniwa na mifugo.

Kwa mkulima mdogo, hatua ya kwanza haihitaji fedha: kutokanyaga wala kulima shamba lililolowa. Siku chache za subira baada ya mvua kubwa huweza kuuokoa udongo ambao ungechukua misimu kadhaa kurejea hali yake.