Lebo za Hali katika Historia ya Programu Huria

Programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake chanzo uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza, zimetegemea tangu mwanzo ripoti za hitilafu zinazotumwa na watumiaji wasiolipwa. Lebo ya hali, yaani neno fupi linalobandikwa kwenye ripoti ili kuonyesha imefikia wapi, ilizuka kutokana na haja ya kuwajibu watu hao kwa haki na hadharani.

Mfano wa mapema ni mfumo wa kufuatilia hitilafu wa Debian, mradi wa mfumo endeshi huria; mfumo huo wa ripoti, ulioanzishwa na Ian Jackson mwaka 1994, uliendeshwa kwa barua pepe. Kila ripoti ilipewa namba, ikabaki wazi hadi mtunzaji wa programu husika alipotuma ujumbe kwenye anwani yenye namba hiyo pamoja na neno la kuashiria kwamba kazi imekwisha.

Hatua kubwa zaidi ilifuata baada ya kampuni ya Netscape kuuweka wazi msimbo wa kivinjari chake tarehe 31 Machi 1998, na mradi wa Mozilla kuzaliwa. Terry Weissman aliunda mfumo wa Bugzilla, kwanza kwa lugha ya Tcl na kisha kwa Perl, ukachukua nafasi ya ule uliotumiwa ndani ya kampuni. Humo mambo mawili yalitenganishwa: hali, inayoeleza ripoti iko katika hatua gani, na hitimisho, linaloeleza imefungwa kwa sababu gani. Ripoti iliyokuwa "mpya" ilikabidhiwa mtu na kuwa "imekabidhiwa", kisha "imetatuliwa", na mwisho mkaguzi akaiwekea alama ya "imehakikiwa". Hitilafu iliporejea, ripoti ilifunguliwa upya. Baadaye iliongezwa hali ya "haijathibitishwa", ambayo ripoti za watu wasio na kibali cha kuthibitisha zilipitia kwanza, ili watengenezaji wasielemewe na madai yasiyochunguzwa.

Mahitimisho nayo yalikuwa na uzito wake, kwani kumwambia mtumiaji kwamba hitilafu imerekebishwa, kwamba imekwisha kuripotiwa, kwamba haionekani ikijaribiwa, au kwamba ipo lakini haitarekebishwa, ni kumpa majibu tofauti kabisa. Mahitimisho mengine mawili ya zamani, yaliyoiahirisha kazi hadi baadaye, yaliondolewa hatimaye katika orodha ya kawaida, kwa kuwa ripoti iliyoahirishwa ilihesabika kuwa imetatuliwa ilhali hitilafu yenyewe ilibaki palepale.

GitHub, jukwaa la kuhifadhi msimbo lililoanzishwa mwaka 2008, lilirahisisha utaratibu huo kwa kuacha hali mbili tu, wazi na iliyofungwa, huku kila mradi ukijitungia lebo nyingine ulivyopenda. Wepesi huo uliwavutia wengi, lakini ripoti iliyorekebishwa na ile iliyokataliwa zikawa na alama moja, hadi mwaka 2022 jukwaa hilo lilipoanza kutofautisha kazi iliyokamilishwa na ile isiyokusudiwa kufanywa.

Historia hii inathibitisha kwamba mtu aliyejitolea kueleza kasoro anastahili kujua si tu kwamba ripoti yake imefungwa, bali pia imefungwa kwa sababu gani, na mradi unaomnyima jibu hilo humpunguzia hamu ya kuripoti tena.