Hela ya Bibi

Katika vijiji vyetu vya Liparamba, karibu na mto Ruvuma, ziko hadithi mbili zisizochakaa: hadithi za simba, na hadithi za mali ya Mjerumani. Hii ya pili imenifikia mpaka barazani kwangu, nami naona si vibaya niisimulie.

Mpwa wangu alikuja jioni moja baada ya mavuno. "Shikamoo mjomba." Nikaitika marahaba, nikamkaribisha kigoda. Alifungua pindo la kitambaa akanitolea sarafu nyekundu, nzito, yenye picha ya tai. Aliinunua kwa mtu mpitaji kwa thamani ya magunia matatu ya mahindi, maana aliambiwa kuwa mjini iko watu hununua pesa za Mjerumani kwa mamilioni. Alitaka niithibitishe, kwa kuwa mimi ndiye mzee anayejulikana hapa kwa kupenda mambo ya kale.

Nilianza na jambo jepesi. Nilichukua sumaku ya spika ya redio mbovu nikaisogeza. Sarafu haikushtuka. Mpwa wangu akacheka kwa furaha. Nikamwambia asiharakishe: shaba haivutwi na sumaku, kwa hiyo sumaku humkamata mwongo aliyepaka chuma rangi ya shaba, lakini haimkamati mwongo aliyetumia shaba yenyewe.

Ndugu msomaji, hapa yafaa tuikumbuke historia kidogo. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa pesa za shaba zenye miaka mitatu tu: 1890, 1891 na 1892. Upande mmoja una tai na jina la kampuni kwa Kijerumani. Upande wa pili una maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Kiislamu, 1307, 1308 au 1309. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliacha hesabu hiyo, ikaleta heller, 100 kwa rupia, zenye taji badala ya tai. Wazee wetu walizitamka "hela", na mpaka leo Mjerumani ameondoka lakini hela yake imebaki vinywani mwetu.

Basi nikaigeuza sarafu ya mpwa wangu. Upande wa tai uliandikwa 1902. Mwaka huo hakuna pesa ya kampuni iliyotolewa. Upande wa pili, palipopasa kuwa na Kiarabu, palikuwa na michirizi tu, kama nyayo za kuku kwenye matope. Nikaipeleka kwenye mwanga wa mlango: uso wake ulikuwa na vitundu vidogo vidogo, na pembeni ulizunguka mstari, dalili kwamba shaba iliyeyushwa ikamiminwa katika kalibu ya vipande viwili. Sarafu ya kweli hupigwa kwa mhuri, haimiminwi. Herufi zake huwa na kingo kali.

Iliyobaki ilikuwa weusi wake. Mpwa wangu aliuona kuwa ndio uzee. Lakini sarafu iliyopita mikononi huchakaa kwanza pale palipoinuka: kifua cha tai, ncha za taji. Hii ilikuwa nyeusi kila mahali, na kifua cha tai hakikuguswa. Ilikuwa imezeeshwa, haikuzeeka.

Ubaya wa sura peke yake usitudanganye pia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, njia za bahari zilipozibwa, Wajerumani walijipigia sarafu wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora. Heller 20 za mwaka 1916, za shaba nyekundu na za shaba ya njano, zina herufi T na sura ya haraka haraka, nazo ni za kweli kabisa. Ndiyo maana hatuhukumu kwa dalili moja.

Nilipomaliza, mpwa wangu alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mjomba, kesho kutwa kuna mtu wa Mbinga anakuja kuiona. Akikuuliza, wewe nyamaza tu. Nirudishe mahindi yangu."

Sikumjibu mara moja. Niliinuka nikamletea sarafu yangu mimi, heller moja ya mwaka 1910. Ilikuwa ya bibi yangu, aliyeitunza katika fundo la kanga. Nilipokuwa mtoto niliiiba, nikaisugua kwa majivu na ndimu, kama tulivyosugua sufuria, ili ing'ae nimfurahishe. Iling'aa kweli. Kutu yake ya hudhurungi, iliyokuwa ikiilinda kwa miaka, iliondoka pamoja na nusu ya taji. Bibi hakunichapa. Aliitazama, akasema kwamba baba yake alitafuta vitu kama hivyo mia tatu ili kulipa kodi ya nyumba moja, rupia tatu. Heller moja ina gramu 4. Mia tatu ni zaidi ya kilo moja ya shaba, iliyopatikana kwa jasho la kazi ya mzungu.

Nikamwambia mpwa wangu kuwa hii haina thamani sokoni, kwa kuwa heller zilipigwa kwa wingi mno, nami niliiharibu kwa mikono yangu. Lakini haisemi uongo. Na kuhusu yale masanduku yanayosemwa yamefukiwa, Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma kurudi upande wetu Septemba 1918, jeshi lake lilikwenda kwa miguu, mizigo ikibebwa na wapagazi wenye njaa. Nani angebeba masanduku ya shaba?

"Akiniuliza nitasema kweli," nilimaliza.

Aliondoka bila kuaga. Mtu wa Mbinga alikuja, akaniuliza, nami nikamwambia. Msimu mzima mpwa wangu hakukanyaga kwangu, na mama yake, dada yangu, alinilaumu kwamba nimemthamini mgeni kuliko damu yangu. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, alikuja kuazima jembe. Alipolipokea aliiweka ile sarafu ya tai juu ya kigoda. "Kaa nayo mjomba. Atakayekuja na nyingine kama hii, muonyeshe."

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sarafu zote mbili ninazo katika kopo moja. Wakija vijana na mafundo yao ya vitambaa, huzitoa zote, nikawapa wazishike kwanza kabla sijasema neno.