Sauti ya Nani? Kalembe na Gazeti la Wasomi

La Voix du Congolais, yaani Sauti ya Mkongo, lilianzishwa Léopoldville mwaka 1945 chini ya usimamizi wa serikali ya kikoloni, mhariri wake akiwa Antoine-Roger Bolamba. Jina lilikuwa la umoja, na kwa haki: waandishi wake walikuwa wasomi wachache, takriban wote wanaume, wakiandika Kifaransa. Kalembe, mpakani mwa Masisi na Walikale, husemwa Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda na Kiswahili. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walihamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda. Mkulima asiyejua Kifaransa hakuwa na ukurasa wa kulijadili suala la ardhi yake. Gazeti lilikoma 1959. Mwaka 1963 vita vya Kanyarwanda vilizuka, ardhi ikigombaniwa.